Huu ni Mzima

Daktari alikuwa amekwisha kuutazama mkono wa kushoto, ule uliokaa kama uma uliolazwa mezani mgongo juu. Akauweka taratibu juu ya mto. Kisha akaushika wa kulia. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akafika kwenye kile kishimo cha chini ya gumba, kinachojitokeza ukiliinua gumba na kulivuta nyuma. Akatia kidole chake humo, akakandamiza.

Nilikaza meno. Kidevu changu kilikuwa kimeshonwa nyuzi tatu muda si mrefu na ganzi imeanza kuniondoka, kwa hiyo kule kukaza meno kwenyewe kulikuwa adhabu. Lakini uso niliuweka sawa.

"Na huu je?"

"Huu ni mzima."

Maneno matatu. Leo ni wiki ya 12 na bado nayasikia, hasa usiku, kwa sauti yangu mwenyewe, sauti ya mtu asiye na shaka.

## Gatini

Gati la Lamu mnalijua, na mwezi wa sita mnaujua. Kusi limeshika, boti ya kutoka Mokowe, kule bara, inacheza, maji yamekupwa na ngazi za chini zimevaa mwani wa kijani. Mgongoni nilikuwa na mkoba wenye vioo 20 vya simu vilivyotoka Mombasa kwa basi. Magharibi ilikuwa inakaribia. Nikaruka kabla baharia hajaivuta kamba, boti ikarudi nyuma, na mguu ukafika kwenye simiti bila kutulia.

Nilianguka kifudifudi, viganja mbele.

(Vioo vilipona vyote 20. Mnaouliza, ndiyo, nimeshaviuza.)

Hospitalini swali la kwanza halikuwa "wapi panauma." Lilikuwa "uliangukaje?" Nilidhani ni mazungumzo tu ya kunituliza, kumbe ndicho kipimo chenyewe. Mtu anayezimia huanguka kama gunia. Hatoi mikono, hupiga uso au bega. Aliyeumia viganja vyote viwili alikuwa macho, aliiona ardhi ikija akajikinga. Kwa hiyo daktari hakuhangaika sana na moyo wangu. Alihangaika na njia ambayo lile pigo lilipita. Pigo la kiganja halikai kiganjani. Hupanda: kifundo, kigasha, kiwiko, bega. Akalifuata hivyo hivyo kwa vidole. Alikaa sana upande wa nje wa kiwiko, kwa sababu pale kuna kichwa cha mfupa kinachozunguka tunapogeuza mkono, na watu wengi waliojikinga kama mimi hukipasua bila kujua. Akanigusa shingo. Akaniambia niume meno, kwa kuwa anayejigonga kidevu anaweza kuvunjika taya huku juu karibu na sikio, mbali kabisa na jeraha analoliona.

Nasema haya mapema ili asije mtu kwenye maoni akaanza kuwalaumu madaktari wetu. Yule bwana aliuliza kila kitu.

Aliyejibu ndiye mwenye kasoro.

## Haijaingia maji

Mnaonijua mnajua kazi yangu, kutengeneza simu. Miaka 14 nimekaa kwenye kibanda upana wake hauzidi mita moja na nusu, na katika miaka hiyo sijapata mteja ambaye simu yake imeanguka. Simu za Lamu hazianguki. Zinalala mezani salama, ukiamka asubuhi unazikuta zimepasuka.

Wala haziingii maji. "Haijaingia maji, fundi, wallahi." Naifungua, bodi yote imeota chumvi ya kijani, mchanga umejaa kwenye tundu la chaji, na karibu nione dagaa.

Ninayewagombeza zaidi ni wa kioo. Huja na kioo kilichosambaa kama utando wa buibui na hawataki kusikia jambo jingine. Badilisha kioo. Nami huuliza, kama daktari wangu: ilianguka kutoka wapi? Ilitua kona gani? Kwa sababu kioo kinaonekana na bodi haionekani. Ukibadilisha kioo ukanyamaza, baada ya siku tatu mteja anarudi simu haishiki chaji. Pale kwenye bodi kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, tangu siku ile ile.

Hotuba hiyo nimeitoa mara elfu.

## Uma

Mkono wa kushoto haukuwa na fumbo. Mfupa mkubwa wa kigasha, wa upande wa gumba, ulikatika karibu na kifundo na kipande cha mbele kikasukumwa kuelekea mgongo wa mkono. Umbo la uma linatokana na hilo. Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Piga hesabu. Miaka 81 kabla ya picha, mtu aliusoma mfupa kwa macho na vidole. Jambo hili nililiwaza sana baadaye, wakati najitetea kwamba picha ndiyo iliyonidanganya.

Sindano ya ganzi nilichomwa palepale mfupa ulipovunjika. Daktari alivuta bomba kidogo, damu nyeusi ikaingia, akaonekana kuridhika: damu ile ilimwambia sindano imefika kwenye mwanya wenyewe. Akaisukuma dawa, tukangoja. Kisha muuguzi akanishika juu ya kiwiko, daktari akashika vidole, wakavutana mimi nikiwa kamba. Uchungu haukuwa mkali kama nilivyoogopa. Nilisikia tu kitu kikisogea ndani, kama droo iliyokwama ikirudi kwenye reli yake.

Plasta ya siku ile haikuzunguka mkono. Ilikuwa ubao wa plasta upande mmoja, juu yake bendeji, kwa kuwa mkono uliovunjika huvimba siku kadhaa na plasta iliyoziba pande zote haina pa kutanukia. Pete yangu ilikwisha kutolewa kwa sabuni kabla ya lolote. Mama akatoa leso yake, ndiyo ikawa kombeo la shingoni.

Mkono wa kulia ulipigwa picha mbili. Mifupa safi. Akanifunga bendeji ya kawaida, akasema, na haya nayakumbuka neno kwa neno: "Picha ya siku ya kwanza inaweza kukosa. Ukiendelea kusikia maumivu hapa, rudi baada ya wiki mbili tupige tena."

Masikio yangu yalichukua "safi," mengine yakaachwa palepale.

## Usiku wa pili

Usiku wa pili vidole vya kushoto vilipoa. Gumba, cha shahada na cha kati vikafa ganzi, na uchungu ukawa unazidi badala ya kupungua. Nikivinyoosha vidole, moto. Mama akasema tungoje alfajiri. Mke wangu hakujibu. Alikuwa amekwisha vaa buibui.

Muuguzi wa zamu alichukua mkasi akaikata bendeji yote, na pamba ya ndani, mpaka ngozi ikaonekana. Baada ya dakika chache vidole vikaanza kurudi. Akatuambia tumefanya vizuri kutongoja asubuhi. Uvimbe ukibanwa, damu haipiti, na misuli na mishipa ya fahamu huweza kufa kwa saa chache tu. Ukiona uchungu unapanda badala ya kushuka, vidole baridi, vyeupe au vya buluu, usimeze kidonge ukalala.

Lakini sikuwa nataka kuwaeleza hilo tu. Nataka mtazame: kwa mkono wa kushoto nililia saa nane za usiku, niliamsha nyumba nzima, sikuona haya hata chembe.

Wa kulia ulikuwa unaniuma usiku ule ule. Sikuutaja.

## Mkono nilioutangaza

Nimejiuliza kama nilidanganya au niliamini.

Kile kitanda cha hospitali nilikilalia kama saa tatu, na muda wote huo nilikuwa nikihesabu. Kula. Kutawadha. Kufunga kikoi. Choo. Kila nikihesabu narudi kwenye choo.

Marehemu baba alilala miaka miwili baada ya kiharusi. Mama ndiye aliyemsafisha. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa nasaidia kumgeuza, na ninachokikumbuka si harufu wala uzito. Nakumbuka baba alivyokuwa akigeuza uso ukutani kila tulipoingia na maji.

Basi nilihitaji mkono mmoja mzima. Nikauteua.

Na mkono wa kuteuliwa ulikuwepo, tayari, na picha safi. Kuna jambo lingine lililonisaidia kujificha. Daktari akitaka kujua mkono umeumia kiasi gani huulinganisha na mwenzake: uvimbe, nguvu, unavyogeuka. Mimi sikuwa na mwenzake. Wa kulia ukiwekwa kando ya wa kushoto ulionekana bwana harusi.

Wiki ya kwanza ilipotimia nikarudi. Picha ya kushoto ikaonyesha mfupa umekaa pale ulipowekwa, nikafungwa plasta kamili. "Huu vipi?" Umepoa kabisa, nikasema. Jana yake nilikuwa nimeshindwa kuzungusha ufunguo wa kibanda, nikamwita kijana wa jirani kwa kisingizio kwamba kufuli lina kutu.

Kufuli jipya kabisa.

Wiki ya pili nikafungua kazi. Bisibisi mkono wa kulia, simu nimeiegemeza kwenye plasta. Kila nikikaza skrubu, kitu kinachoma chini ya gumba. Nikasema ni baridi ya kusi. Nikasema ni bendeji. Nikasema ni uzee. Ile wiki mbili ya daktari ikaja, ikapita, nami ninabadilisha betri za watu.

## Ami

Ami wa mke wangu anakaa Matondoni. Alikuwa fundi wa majahazi, sasa macho hayamsaidii, lakini watu bado humpelekea viungo vilivyoteguka. Alikuja kunitazama Ijumaa ya wiki ya tatu, akakaa kitini, na mimi kama mwenye nyumba nikainua buli nimmiminie kahawa.

Buli liliinama lenyewe. Nililiwahi kwa plasta ya kushoto, kahawa ikamwagika kwenye mkeka.

"Ndoo hapa," akasema, akiniita.

Nilijua kinachokuja, mafuta na vidole. Kuhusu wakandaji nina maneno makali na niliyaandika humu humu miaka miwili iliyopita. Yasomeni kwa huruma. Aliulaza mkono wangu juu ya paja lake, akafumba macho. Hakupaka kitu. Akatembeza gumba lake polepole mpaka kwenye kishimo kile kile, akakandamiza. Nilipiga ukelele ambao watoto walikuja kuchungulia. Kisha akalishika gumba langu akalisukuma kuelekea ndani ya kifundo, kama mtu anayeshindilia kizibo. Nikaruka tena.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kuanguka, ami."

"Na umekuwa ukisema nini?"

Mke wangu akajibu kabla yangu. "Amesema ni mzima."

Yule mzee akaurudisha mkono kwenye magoti yangu kwa adabu, kama anayerudisha kitu kisicho chake. "Mishipa nakanda," akasema. "Mfupa sikandi. Kesho rudi kwa daktari wako, na mara hii umwambie kweli."

Akaomba kahawa nyingine, amiminiwe na mtu mwingine.

## Mfupa wa mtumbwi

Mstari ulikuwepo. Safari hii hata mimi niliuona kwenye picha, mwembamba, umekata kiuno cha kimfupa kidogo kama korosho. Kinaitwa skafoidi. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake chenye umbo la mtumbwi. Nilicheka, daktari akashangaa. Mtu wa Lamu, anaruka kutoka kwenye boti, anavunja mtumbwi alio nao mkononi.

Kishimo cha chini ya gumba nacho kina jina lake. Wazungu wa zamani walikiita kisanduku cha ugoro, kwani ndimo walimotia ugoro wakavuta puani. Na skafoidi iko chini yake hapo hapo.

Ubaya wa mfupa huu ni damu yake. Sehemu kubwa ya damu huingia upande wa vidole, kisha inarudi nyuma kuelekea kigasha. Ukikatika kiunoni, kipande cha nyuma kinabaki hakina njia. Fikirini boti za Mokowe zisimame wiki nzima: kisiwa kipo, watu wapo, lakini nyanya hakuna. Kipande kikikosa damu huweza kufa, na mfupa usipounga, kifundo kizima hulika taratibu kwa miaka mpaka kinakuwa na ugonjwa wa viungo wa mtu mzee. Na siku ya kwanza ufa huwa umebana mno, picha haiuoni. Kingo zake hulika kidogo zenyewe, ndipo mstari unapojitokeza, baada ya siku 10 hadi 14. Zile wiki mbili alizoniambia hazikuwa za kubahatisha.

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Aliuliza tu, anaandika, hata hakuinua kichwa: "Siku ile nilipobonyeza, ulisikia uchungu?"

"Ndiyo."

"Ungesema, ningeufunga hata na picha safi."

Nikatazama ukuta.

Akanipa njia mbili. Kwenda Mombasa nikatiwe skrubu, au plasta inayoshika na gumba, wiki nane kwanza tuone, huenda 12. Kwa vile vipande havijaachana, plasta ilikuwa na nafasi nzuri. Nikachagua plasta. Lakini ile skrubu, niacheni niseme jambo kama fundi, imeniharibia usingizi kwa uzuri wake. Haina kichwa, kwa hiyo inazama yote ndani ya mfupa bila kukwaruza kiungo. Ina meno pande zote mbili, na meno ya upande mmoja yamepishana nafasi na ya upande wa pili, hivyo ukiizungusha inavuta vipande viwili vikumbatiane. Timothy Herbert wa Australia na mwenzake Fisher waliandika habari zake mwaka 1984. Natengeneza vitu kwa skrubu kila siku ya Mungu na sikuwahi kufikiria kwamba ya kutupa ndicho kichwa.

## Bila mikono

Hesabu sasa. Kushoto plasta mpaka wiki ya sita. Kulia plasta kuanzia wiki ya tatu. Kwa wiki tatu nzima nilikuwa na magogo mawili meupe na ncha za vidole.

Kile nilichokikimbia kilinisubiri, kikaja na riba.

Kikoi hakifungwi na mtu mwingine kikakaa. Mke wangu alijaribu, nikafika barazani nacho kimenitoka. Akakitia mpira kiunoni kama suruali ya mtoto. Kanzu ilibidi kufumuliwa mishono ya mikono. Simu nilijibu kwa pua. Nzi akitua usoni nampuliza, na nzi wa Lamu haogopi pumzi. Udhu nilikwenda kumuuliza mwalimu wangu wa chuo, akanipa hukumu ya jabira: kilicho wazi kioshwe, juu ya plasta papanguswe kwa maji, na kutayamamu. Nikamuuliza, nani atapangusa? Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Umeoa, huna swali."

Choo, siku ya kwanza.

Msala wetu ni wa nyumba za zamani, una birika la chokaa la kuhifadhia maji na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Mke wangu aliingia na kata, akapandisha mikono ya gauni. Nami, bila kukusudia, nikageuza uso ukutani. Nilijiona nikifanya hivyo. Nilimwona baba.

Kata ikasimama hewani.

"Geuka huku," akasema. "Ukikaa hivyo nitakumwagia mai mpaka mato."

Nikageuka. Akamwaga. Akawa ananihadithia bei ya samaki, na kwamba kisamaki kimoja kimepotea birikani na anamshuku paka. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Ilichukua kama dakika nne. Kwa ajili ya dakika nne hizo nilikuwa nimetembea wiki tatu na mfupa uliovunjika.

Mama alinilisha. Wali kwa mchuzi wa papa, matonge madogo, na alikuwa akipuliza kila tonge ingawa limekwisha poa. Siku moja nikamuuliza kama baba aliona haya. Akafikiri, tonge mkononi.

"Miezi ya kwanza," akasema. "Baadaye akawa ananigombeza maji ni baridi."

## Kushoto kunarudi

Plasta ya kushoto ilipofunguliwa nilitaka kuulizia mkono wangu umekwenda wapi. Ule uliotoka ulikuwa mwembamba, unapukutika ngozi, umekakamaa kama mti wa mkoko. Maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Gumba liguse kila kidole, mmoja mmoja. Kugeuza kiganja juu, kama unayepokea chenji, ndilo lililochelewa kuliko yote, na kwa mfanyabiashara hilo ni tusi. Mama akanipa donge la unga wa chapati nikande kila siku, tukapata mazoezi na chapati kwa pamoja. Makala haya nimeyaandika kwa mkono huo huo wa kushoto. Mtanisamehe makosa.

Kuna jambo daktari aliniagiza niliangalie: gumba likikataa kuinuka ghafla, hata bila uchungu, nirudi siku hiyo hiyo. Msuli unaoliinua hupita juu ya mfupa uliovunjika na kamba yake huweza kukatika wiki kadhaa baada ya watu kusahau. Basi kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, naliinua gumba langu la kushoto darini. Binti yangu ananijibu kwa gumba lake. Anadhani ni mchezo.

Kibandani wateja wamerudi. Juzi mama mmoja kaleta simu, kioo kimesambaa. Nikamuuliza ilianguka wapi. "Haijaanguka, fundi." Nilimtazama. Kwa kawaida hapo ndipo hotuba inapoanza. Nikamwambia tu, sawa mama, nitaifungua nitazame na bodi, hutalipia kuangalia. Akakaa kimya, akapanga vizuri mtandio wake. Kisha akasema ilianguka ngazini, kutoka darini mpaka chini, na mumewe hajui.

## Wiki iliyopita

Wiki iliyopita plasta ya kulia ilikatwa. Wiki nane kamili. Msumeno ule wa plasta una kelele za kuogofya lakini haukati ngozi, unatetemeka tu. Hata hivyo nilifumba macho. Picha ikapigwa. Daktari akaitazama muda mrefu. Mstari umefifia, akasema, lakini hajui kama umefungana au umejificha, na picha peke yake haitoshi.

Akauvuta mkono wangu karibu. Mwepesi, baridi, unanukia plasta. Akaliinua gumba, akalivuta nyuma, kishimo kikajitokeza. Akatia kidole chake humo.

"Hapa je?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba wangu begani mwake. Nikafumba macho, nikausikiliza mkono kwanza.